Kila Mnyama na Sungura Wake

Lobule, 11 Februari 1990

Kaka Sule,

Zaitun anakusalimu kwa mikono yote miwili. Siku hizi anakaa bila kushikwa, akianguka anajicheka mwenyewe. Kifua chake kimetulia kabisa tangu ile dawa ya Desemba. Baba naye anakusalimu, goti linamsumbua lakini bado anaadhini mwenyewe, hataki mtu amsaidie. Mihogo ya shamba la chini imekomaa, ingawa nguruwe wa porini wameng'oa yote ya upande wa mto. Kanzu yako uliyoiacha kwangu Idi iliyopita nimeifua, iko msumarini, useme nimpe nani akuletee.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa chini kwanza.

Wamemkamata Yugu, baba Zaitun wangu. Walikuja Alhamisi asubuhi, askari wawili kutoka Koboko, mimi namenya mihogo. Wanasema amemuua Ezati, huyu jirani tunayepakana naye mashamba. Ezati hajaonekana tangu Jumatatu. Mkewe, Paska, alimtafuta kwa ndugu zake wote, hakumpata, akaenda polisi. Na wewe unajua wanaume hawa wawili walivyokuwa wakivutana kuhusu mpaka tangu tulipotoka ukimbizini Zaire. Miti ya alama ilikatwa watu wakiwa hawapo, sasa kila mtu ana mpaka wake kichwani. Yugu aliwahi kumwambia Ezati mbele ya watu, "Siku moja tutamalizana." Neno la hasira tu, kaka. Nani hajawahi kulisema?

Lakini Jumanne alfajiri kuna mama alimkuta Yugu mtoni anafua shati. Lile la mistari ya bluu, ulilomchagulia kwenye mtumba wako. Polisi walilikuta limeanikwa nyuma ya nyumba. Damu haikutoka yote. Imebaki kahawia kifuani na kwenye mkono wa kulia. Panga pia walichukua.

Wakamuuliza, "Damu ya nini?" Alinyamaza. Kaka, kule kunyamaza kwake bado nakusikia. Kisha akasema ni ya mbuzi, alimsaidia mtu kuchinja njiani kwenda kwao Kuluba. Mtu gani? Akasema hamjui jina. Askari wakatazamana. Zaitun akamwinulia baba yake mikono ambebe, na mikono ya baba yake imefungwa.

Baba alifika anachechemea. Akawaambia askari, "Kijana huyu ukoo wake wote wa Kuluba ni wawindaji wa nguruwe. Aliposilimu aliapa mbele yangu na mbele ya msikiti mzima kwamba hatamgusa nguruwe tena, na siku atakapomgusa, binti yangu anarudi kwangu. Amekitunza kiapo. Mtu aliyeacha chakula cha baba zake kwa ajili ya Mungu, huyo ataua mtu kwa ajili ya mihogo?" Askari mmoja akasema, "Mzee, hayo utamwambia hakimu."

Wamempeleka gereza la Arua. Watu wanasema kesi ya kuua ni kamba. Mimi siwezi kuacha shamba na mtoto. Nenda kamwone, kaka, uniambie anakula nini. Barua hii anakuletea Onzima, yule wa lori la tumbaku.

Mdogo wako,
Kiden

*

Arua, 1 Machi 1990

Kiden mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na hapa sokoni nimeisoma nimesimama, ulivyosema nikae sikuweza. Biashara ipo, mvua bado, vumbi linakaa juu ya nguo mpaka wateja wanauliza kama nauza mashati au udongo. Mwambie Baba apake goti lake mafuta ya moto.

Nimemwona Yugu. Amekonda, lakini anatembea, anaongea. Anakula uji na maharage kama wengine. Ameuliza habari za Zaitun mara nyingi kuliko habari za kesi. Nimempelekea sabuni na blanketi.

Usiogope maneno ya watu. Hakuna maiti, hakuna aliyeona kitu. Shati peke yake si shahidi, litatundikwa ukutani wee mpaka wachoke. Jambo moja tu: Yugu ashike neno lake la mbuzi, na wewe pia ukiulizwa useme mbuzi, na Baba hivyo hivyo. Wasiongeze na wasipunguze. Kesi nyingi zinaharibiwa na ndugu wenye midomo.

Kanzu iache hapo hapo. Nitakuja Idi nitaivaa.

Kaka yako,
Sule

*

Lobule, 22 Machi 1990

Kaka Sule,

Salamu za mwezi unaokuja, Mungu atufikishe tufunge kwa afya. Zaitun ametoa jino. Amenitia alama nalo, si mahali pa kukuandikia.

Kaka, leo naandika nikiwa na moyo mwepesi kidogo. Tangu wamchukue Yugu nimekuwa kama mtu aliyepigwa kichwani, natia chumvi kwenye chai. Lakini Jumatatu nilitembea mpaka Koboko, kwenye kituo cha polisi, nikamwomba yule askari Anguyo anieleze kesi yenyewe imesimama wapi. Nilifikiri atanifukuza. Akanipa kiti.

Nikamwambia, "Bwana, hiyo damu ni ya mbuzi. Mnaiangalia tu?"

Akasema, "Mama, damu kavu iko kahawia tu. Ya mtu, ya kuku, ya mbuzi, macho haiwezi kujua. Hata daktari akiangalia hivi hivi, haiwezi."

Nikasema, "Sasa nani anajua?"

Akasema, "Sungura."

Nilifikiri ananicheka. Lakini hakucheka. Akanieleza kwamba huko Kampala serikali ina maabara, na wana sungura. Sungura mmoja anadungwa damu ya mtu kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka damu yake mwenyewe inaijua ile ya mtu kama adui na kuikamata. Wakiletewa nguo, wanakata kipande, wanakiloweka kwenye maji ya chumvi mpaka damu ya zamani inatoka. Yale maji wanayakutanisha na maji ya damu ya sungura ndani ya kichupa chembamba. Kama damu ya kwenye nguo ni ya mtu, pale yanapokutana unatokea mstari mweupe, kama ukungu. Kama si ya mtu, hakuna kitu, maji yanabaki maji.

Nikamuuliza, "Na mbuzi?"

"Iko sungura mwingine ya mbuzi. Iko ya ng'ombe. Kila mnyama na sungura yake."

Kaka, nilicheka mpaka Zaitun akaamka mgongoni. Sungura tuliyemjua sisi kwenye hadithi alimdanganya fisi, akamdanganya tembo, akamdanganya hata simba. Kumbe iko mmoja Kampala ambaye hadanganyi mtu. Anguyo akasema, "Huyo amefungwa, mama. Ukifungwa unasema ukweli." Kisha akaona haya, akakumbuka mume wangu yuko wapi.

Akaniambia shati limekaa kabatini kwao, hakuna aliyelipeleka, kwa sababu hakuna aliyesukuma. Basi nimesukuma mimi. Niliingia kwa mkubwa wao na mtoto mgongoni, nikamwambia, "Pelekeni. Mkikuta ya mtu, mnyongeni. Mkikuta ya mbuzi, mnirudishie mume." Shati liliondoka jana na gari la polisi.

Mwambie Yugu. Atafurahi.

Kiden

*

Arua, 9 Aprili 1990

Kiden,

Salamu. Funga inaendelea.

Nani alikutuma polisi? Nilikuandikia uache mambo yalivyo. Nilisema shati litatundikwa ukutani mpaka wachoke, wewe umelishusha. Maabara zinakosea. Vitu vinapotea njiani, vinachanganywa na vya watu wengine. Rudi kwa huyo Anguyo, sema umekosea, sema familia haitaki shati lipimwe.

Nimemwambia Yugu. Aliweka paji la uso kwenye vyuma vya dirisha akakaa hivyo mpaka askari jela akasema muda umekwisha.

Idi sitakuja. Kuna mzigo unaingia.

Sule

*

Lobule, 30 Aprili 1990

Kaka Sule,

Idi imepita. Ninyi wawili hamkuwepo, lakini mezani kwangu hapakuwa na upweke. Wanawake wa msikiti waliniletea wali, nyama, mandazi, kila mmoja na sahani yake. "Kula, Mama Zaitun, mume wako ni mtu wa Mungu, atatoka." Baba alimbeba Zaitun mbele ya watu wote na kusema huyu ni mjukuu wa kiapo. Hata Paska alikuja. Alisimama mbali, kwenye mihogo, akaweka chini mayai akaondoka. Sijui maana yake. Pengine ni ya mtoto tu.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaitia chini ya godoro, nikaitoa tena. Sikurudi kwa Anguyo.

Kaka, mimi niliishia darasa la tano, tena la kambini, tunaandika chini kwa kijiti. Lakini najua mtu anayengoja habari njema haweki paji la uso kwenye vyuma. Kama damu ni ya mbuzi, mnaogopa nini? Mnaogopa sungura?

Sasa kuna jambo limeingia ndani yangu, na tangu liingie sinyonyeshi vizuri, maziwa yamepungua. Namwona Yugu mtoni. Namwona akinyamaza. Ule usiku wa Jumatatu hakulala nyumbani, alisema analinda mihogo. Mikono ile ndiyo iliyomwogesha Zaitun siku ya kwanza, mimi nilikuwa naogopa kumshika, anateleza.

Siwezi kuliandika hilo neno lenyewe. Wewe unalijua. Niambie tu kama lipo au halipo.

Kiden

*

Arua, 3 Juni 1990

Mdogo wangu Kiden,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Lori halikupita, daraja lilienda na mvua, na mimi nilikuwa na homa. Mwambie Zaitun nimempatia gauni lenye vifungo vya maua, litamsubiri akue kidogo.

Lile neno halipo. Naapa kwa kaburi la Mama. Ile damu si ya mtu. Yugu hakumgusa Ezati, siku hiyo hakumwona hata kisogo. Mnyonyeshe mtoto wako.

Zaidi ya hapo usiniulize.

Sule

*

Arua, 19 Julai 1990

Kiden,

Kaa chini na wewe, lakini kwa furaha. Yugu ametoka. Leo asubuhi mwendesha mashtaka alisimama akasoma barua ya maabara, damu ya kwenye shati na ya kwenye panga si ya mtu. Hakimu akafuta mashtaka pale pale. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu. Alhamdulillahi.

Nimemsindikiza mpaka kwenye gari la Koboko. Kabla barua hii haijakufikia atakuwa ameshafika, mtakuwa mnaisoma pamoja.

Watu wataongea mengi. Usisikilize.

Kaka yako,
Sule

*

Lobule, 5 Agosti 1990

Kaka Sule,

Hatukuisoma pamoja. Yugu hajafika.

Nilimpikia siku tatu. Nilifagia mpaka njia kuu. Kila gari lililosimama nilimwinua Zaitun aone. Siku ya nne akaja Paska. Nguo zake zilikuwa za safari, vumbi la Arua bado liko miguuni. Kumbe na yeye alikuwa mahakamani, amekaa nyuma. Hukuniambia.

Akasema, "Mama Zaitun, mume wako hakumuua mume wangu. Nimekuja nikuambie mimi mwenyewe, kwa sababu ni mimi niliyempeleka polisi."

Nikamshika mikono. Nikasema, "Ilikuwa ya mbuzi."

Akanitazama kama mtu anayeona mtoto anaelekea kisimani. "Hawakukuambia?" akasema. "Si ya mtu, na si ya mbuzi. Walijaribu ya mbuzi, maji yakabaki maji. Wakajaribu ng'ombe. Wakajaribu nguruwe, ukatokea mstari. Yule bwana wa mashtaka alisoma yote. Akasema wa nyumbani au wa porini hawawezi kujua, hao ni ndugu, damu zao zinafanana mno, lakini nguruwe ni nguruwe."

Kaka, masikio yangu yalifungwa. Nilikuwa naona mdomo wa Paska unaendelea lakini sisikii. Zaitun alikuwa ananivuta kitambaa, na mimi nimesimama na mwiko mkononi, unga unadondoka kwenye mguu.

Kumbe nusu ya watu waliokuwa mahakamani ni wa Koboko. Habari ilifika kabla ya Paska kufua nguo. Miezi yote hii mume wangu akiitwa muuaji, sahani ziliingia nyumbani kwangu kwa zamu. Sasa ni mtu asiye na hatia, na wanawake wamekuja kuchukua sahani zao. Mmoja alizisugua kwa mchanga pale pale uani, mbele yangu. Nikamwambia, "Mama, ulipofikiri ameua mtu hukuzisugua." Akaendelea kusugua.

Baba hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alikuja, akakaa, akasema, "Nilisimama mbele ya askari nikakiapia kiapo chake. Funga vitu vyako, Kiden." Niko kwake sasa, chumba kile cha zamani. Zaitun anaita "Baa, baa" kwa kila mwanaume anayepita.

Wewe ulikuwepo. Ulisikia kwa masikio yako, umeandika hivyo. Kwa nini barua yako ilikatwa katikati? Uliniapia si ya mtu mwezi wa sita, kabla barua ya maabara haijasomwa. Ulijuaje?

Kiden

*

Lobule, 2 Septemba 1990

Kaka Sule,

Onzima anasema barua yangu ya Agosti alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni, ukamuuliza habari za barabara. Basi nasalimu hata kama hujibu. Zaitun amesimama, amepiga hatua mbili, akakaa. Baba haendi kuadhini, amemwachia mwingine. Mimi nimeacha kuweka chumvi kwenye chai, maana hata chai sitengenezi.

Nikuambie yaliyotokea kwa mpango wake, ili usije ukasikia kwa watu kama nilivyosikia mimi.

Wiki iliyopita alikuja Basile, yule Mkongo wa baiskeli anayenunua vitu vya shamba. Alikuwa hajaonekana tangu Februari. Alinikuta peke yangu kwa Baba, napepeta ulezi. Akavua kofia.

"Mama Zaitun, pole. Miye nilikimbia. Nilisikia banamufunga Yugu, nikasema wataniuliza na miye. Nikaenda Durba, kule kwetu Zaire, kwenye dhahabu. Na kule unajua nilikuta mutu gani? Ezati. Anachimba, amefuga ndevu. Alikosana na bibi yake Paska, akaondoka bila kuaga. Nilimwambia, wewe, mutu mwingine atanyongwa kwa sababu yako. Amelia. Anarudi."

Nikamtuma mtoto wa jirani kwa Paska kabla hata sijavuta pumzi. Kisha nikamuuliza Basile kwa nini akimbie, yeye alifanya nini.

"Nyama," akasema. "Yugu anatega mitego kwenye mihogo, ile minguruwe inanaswa. Kwanza alikuwa anafukia. Kaka yako akasema, kwa nini chakula cha watu kiingie udongoni? Wakristo wa Arua wanakipenda. Basi Yugu anakata, miye nakausha, nabeba, Sule anatafuta wanunuzi. Miye si Mwislamu, sikujua ni siri ya kufa. Sasa nimerudi, Sule bado hajaniambia kama kazi inaendelea."

Aliniuliza hivyo, kaka, kwa adabu, kofia mkononi. Ungo ulinitoka.

Nilimfunga Zaitun mgongoni nikatembea mpaka Kuluba kwao, sikujua pengine pa kumtafuta. Yugu alikuwa kwa wajomba zake, nyuma ya nyumba, anachonga mpini. Aliponiona hakuinuka. Zaitun ndiye aliyeteleza chini akamwendea kwa magoti. Hapo akaangusha mpini.

Nikamwambia, "Wangekunyonga."

"Wangeninyonga nikiwa bado mume wako," akasema. "Ningesema nguruwe, ningetoka gerezani niingie wapi? Baba yako alisema siku ile ile. Nilifikiri mbuzi itatosha. Sikujua kama iko sungura wa kuuliza."

"Nilimwita mimi huyo sungura."

"Najua," akasema. "Nilipoambiwa nikajua utanipata hai, na utanikosa."

Nikamuuliza ilianza lini hasa. Akatazama pembeni. Nikamwambia, "Desemba?" Akaitikia kwa kichwa. Kaka, nilidhani pesa ya ile dawa ya kifua cha Zaitun ilitoka kwenye tumbaku. Tumbaku ya mwaka ule ilioza, mimi mwenyewe niliitupa. Nilikuwa nimesahau kuuliza. Mtoto alikuwa anapumua, nani anauliza?

Tulirudi pamoja mchana, katikati ya njia, watu wanatazama. Yugu alisimama mlangoni kwa Baba, hakuvuka. Baba akamuuliza, "Ulikula?" Akasema hapana, sikuonja. "Uliuza kwa nani?" Akasema, "Kwa Basile." Baba akasema, "Basile peke yake?" Yugu akasema, "Basile peke yake, mzee."

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilingoja aseme jina lako. Miguu yangu ilikuwa inangoja. Hakusema, kama alivyokaa miezi yote gerezani bila kusema.

Baba akasema kiapo ni kiapo. Basi nikamweka Zaitun kwenye magoti yake, lile zima na lile bovu. Nikasema, "Baba, wewe ndiye uliyemwadhinia huyu sikioni. Desemba midomo yake ilikuwa ya bluu, ulikuwa umeshatafuta sanda. Aliponywa na wale nguruwe. Kama hutaki kilichotoka kwao, anza na huyu." Sijui nilipata wapi sauti. Sijawahi kumwambia Baba hata kwamba chai imepoa.

Baba alikaa na mtoto. Zaitun akamshika ndevu akazivuta, anavyofanya. Kisha akasema, "Ijumaa aje msikitini. Akae safu ya nyuma, na mimi nitakaa naye." Akasema pia, "Na aliyekuwa naye, kama yupo, Mungu anamjua." Hakunitazama aliposema hivyo. Alitazama kanzu yako msumarini, maana niliihamishia huko pamoja na vitu vyangu.

Polisi wamerudisha shati. Anguyo alilileta mwenyewe kwenye bahasha ya kaki. Limekatwa madirisha mawili, moja kifuani na moja mkononi, mraba kabisa, kazi safi ya mkasi. Nimelichemsha na majivu mpaka maji yakatoka meupe. Ndilo shati zuri pekee alilonalo, na ni la kwako, ulimchagulia wewe. Nilitafuta kitambaa cha kulitilia viraka nikakosa. Kitenge cha Zaitun kimechakaa. Basi nimekata kwenye kanzu yako, chini, kwenye pindo la nyuma, vipande viwili vya kutosha. Vyeupe kwenye bluu vinaonekana sana.

Sijamwambia Baba neno na sitamwambia. Yugu naye hatasema. Lakini uje Ijumaa, kaka. Kanzu yako iko msumarini, nimeipiga pasi. Imepungua kidogo nyuma. Ukisimama safu ya nyuma, karibu na Yugu, hakuna atakayeona.

Mdogo wako,
Kiden